Shangazi, shemeji zangu wanataka mume wangu apasuliwe, hawajui kuwa ini lake linaumwa

Asalam aleykum Shangazi, natumai mzima wa afya. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Tanga mjini, Ngamiani, naomba barabara usiitaje maana huku tunajuana wote. Nimeandika nikafuta nikaandika tena, sasa hivi mgonjwa kalala ndo nimepata nafasi, kwahiyo itakuwa ndefu univumilie.

Mume wangu anauza nafaka pale Mgandini. Miaka ya nyuma alienda kumchangia damu jirani yetu aliyekuwa amejifungua, wakampima, wakamwita pembeni wakamwambia damu yako hatuwezi kuitumia, una homa ya ini aina ya B. Alikuwa mzima kabisa, anabeba gunia mwenyewe, wala huwezi kujua. Mwaka jana miguu ikaanza kuvimba, tumbo likajaa, akapigwa ultrasaundi wakasema ini limesinyaa na kuna maji tumboni. Akapewa dawa za kupunguza maji na kidonge kimoja cha kila siku cha kupambana na virusi, tenofovir. Shangazi hicho kidonge ndo balaa lenyewe, maana ni dawa ambayo hata wenye virusi vya Ukimwi wanaitumia ndani ya mchanganyiko wao, na mama mmoja hapa mtaani aliliona kopo siku moja akaanza kunong'ona. Toka siku ile mume wangu aliniapisha nisimwambie mtu, si mama yake, si kaka zake, si wifi zangu. Vidonge nimevihamishia kwenye kopo la vitamini za watoto, karatasi zote za vipimo ziko kwenye sanduku chini ya kanga zangu.

Ramadhani hii daktari wake alimwambia asifunge. Akafunga. Alisema nikila mchana mama atauliza, nitamjibu nini. Ikafika kumi la mwisho, jioni anarudi na pikipiki yake, adhana iko karibu, watu wanakimbizana na futari, bajaji ikamkatia mbele akaingia mtaroni na ncha ya usukani ikamchoma hapa chini ya mbavu upande wa kulia. Hakuna damu, hakuna kilichovunjika, imebaki alama ya duara nyeusi tu. Akaja nyumbani akafuturu tende na uji, akasema ni mchubuko. Usiku hakulala, akanywa diklofenaki za duka la dawa, asubuhi akaanza kutapika na hawezi kunyooka.

Hospitali tulienda na shemeji yangu mkubwa. Daktari akamuuliza, una ugonjwa wowote wa muda mrefu? Kaka yake kasimama pale, mume wangu akajibu hapana. Mimi nikanyamaza. Wakapima wakaona maji tumboni, wakashtuka wakidhani yote ni damu, wakampeleka kupiga sitiskani. Majibu yakaja kuwa kibofu cha nyongo kimepata jeraha, ukuta wake umevimba na ndani kuna damu, wengu ni mkubwa na ini halipo sawa. Daktari akaniita pembeni akaniuliza, mumeo anakunywa pombe? Nikasema hajawahi kuonja. Nikaishia hapo.

Akaongezewa damu, akachomwa sindano, maumivu yakapungua, tukaruhusiwa na tarehe ya kurudi. Wakasema kwa sasa hawamfungui, wanaangalia, kwa jinsi ini lilivyo wanaogopa. Sasa hapo ndo vita imeanzia Shangazi. Shemeji anasema hao wanataka chochote, mbona wifi yetu wa Dar alitolewa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe, kesho yake yuko nyumbani na sasa anakula pilau kama kawaida. Ameuza kiwanja chake cha Pongwe, pesa iko mkononi, anataka tumpeleke hospitali binafsi akatolewe wiki hii hii. Mama mkwe yeye hataki kisu, anataka mwanawe apelekwe kwa mzee mmoja huko Muheza anayechua matumbo, anasema nyongo imehama. Na mume wangu mwenyewe amegeukia ukutani, hataki kupasuliwa, hataki kuchuliwa, hataki kuongea. Nikimgusia tuwaambie ndugu ukweli ananiambia ukisema utakuwa umenivua nguo mbele ya watu.

Dawa zake nampa kwa kuviziana, shemeji akitoka kwenda kuswali ndo nampa, siku nyingine shemeji haondoki na dawa inapita. Nimechoka. Nauliza, nivunje kiapo niwaambie? Na je akubali kupasuliwa au tusubiri? Nikikaa kimya akapelekwa akafa mezani nitaishije, nikisema akaniacha nitaenda wapi. Nisaidie Shangazi.

Mke wa Ngamiani, Tanga

*

Waaleykum salaam mwanangu. Pole, na mgonjwa mpe pole yangu. Barua yako nimeisoma usiku na nimeirudia asubuhi, na kilichonikaa zaidi ni hiyo ya kumvizia shemeji akaswali ndio umpe mumeo dawa. Unauguza mgonjwa na wakati huohuo unailinda siri, kila moja peke yake ni kazi ya mtu mzima na wewe umebeba zote mbili. Hakuna wa kukulaumu hapa.

Kabla hatujaingia ndani naomba nikwambie jambo ambalo halisubiri ushauri wa mtu. Akipata homa, au maumivu yakirudi kwa nguvu au yakapanda mpaka bega la kulia, macho yakizidi unjano, tumbo likaanza kujaa haraka, akitapika damu au akapata choo cheusi kama lami, akizimia zimia, mkojo ukapungua sana, au ukamwona anachanganya maneno na kusinzia mchana kama mtu asiyejielewa, hapo usingoje tarehe ya kliniki wala usingoje kikao cha familia, ni hospitali usiku huohuo. Hilo wajulishe wote nyumbani, kulijua hakuhitaji kufichua siri ya mtu.

Sasa tukae. Nikikuelewa vizuri unaniuliza vitu viwili, siri na operesheni, na umeviona kama fundo moja. Mimi nikivitazama naona vitu vitatu, kwa sababu siri yenyewe ni mbili. Iko siri kwa ndugu na iko siri kwa daktari, na hizi mbili hazilingani kabisa, nitakueleza kwa nini, lakini ngoja kwanza nikueleze hicho kibofu maana nahisi hakuna aliyekaa na wewe akakueleza taratibu.

Kibofu cha nyongo ni kifuko kidogo kimejibana chini ya ini, upande huohuo wa kulia ulipomchoma usukani. Kinabeba nyongo kiasi cha mililita 30 hadi 50 hivi, ini linatengeneza nyongo nusu lita mpaka lita nzima kwa siku, na kifuko kinaitunza mpaka mtu ale, chakula kikishuka ndio kinajikamua. Kwa kuwa kimefunikwa na ini na mbavu, kuumia kwake kwa kugongwa ni nadra, hata kwa majeruhi wa tumbo wanaofikia kufunguliwa, wanaokutwa na jeraha la kibofu cha nyongo ni kama 2 kati ya 100 au pungufu ya hapo, na mara nyingi huwa kuna kiungo kingine kimeumia pamoja nacho. Sasa mtu akikaa muda mrefu bila kula, kifuko kinakuwa kimejaa. Kiriba kilichojaa ukikigonga ndicho kinachopasuka, kikiwa kitupu kinanywea tu. Mumeo aligongwa dakika chache kabla ya futari. Sikwambii haya ili mtu ajilaumu kwa kufunga, nakwambia kwa sababu ni maelezo ambayo daktari atayataka, aligongwa saa ngapi na alikula mara ya mwisho lini, na huenda hakuna aliyemwambia.

Halafu kuna ini. Ini ndilo linalotengeneza vitu vingi vya kugandisha damu, likisinyaa hivyo vinapungua. Damu inayopita kwenye ini inakutana na njia ngumu, inarudi nyuma, mishipa ya tumboni inavimba, mpaka ile inayozunguka kibofu cha nyongo chenyewe, na wengu linakuwa kubwa linakamata chembe sahani zinazosaidia kuziba jeraha. Ndiyo maana jeraha ambalo kwa mtu mwingine lingekauka lenyewe, kwa mumeo linaweza kuendelea kuvuja damu ndani kwa ndani, na daktari anayeingiza kisu hapo anajua kila mshipa atakaougusa unaweza kumsumbua. Shemeji yako anaposema wanaogopa kwa sababu wanataka chochote, anasema hivyo kwa kuwa kipande hiki cha habari hakipo mezani kwake. Wifi yenu wa Dar alitolewa kifuko akiwa na ini zima, na hapo ndipo mfano wake unapokatikia.

Turudi kwenye siri ya daktari. Umenambia walipoona maji tumboni wakashtuka. Fikiria nafasi yake: anaona maji, hajui kama yalikuwepo tangu mwaka jana au yameingia jana, hajui kama ni damu, kama ni nyongo, au ni yale maji ya ini ya siku zote. Anaona ukuta wa kibofu umenenepa, na kwa mwenye ini lililosinyaa ukuta huo unaweza kunenepa hata bila kugongwa, kwahiyo hapo napo anakisia. Nyongo nayo ina tabia mbaya, isipokuwa na vijidudu inaweza kuvuja taratibu siku nyingi bila maumivu makali, na tumbo lenye maji tayari linaificha zaidi. Mtu akasema naendelea vizuri kumbe siyo. Zile karatasi chini ya kanga zako ndizo zitakazomwonyesha maji yalikuwa kiasi gani kabla ya ajali, ukuta ulikuwaje, damu yake ilikuwa inagandaje. Hakuna mashine itakayompa hilo leo, kwa kuwa ni habari ya jana.

Na kile kidonge. Mgonjwa wa homa ya ini B akiikatisha tenofovir ghafla virusi vinaweza kuamka na kulichoma ini upya, na ini la mumeo halina akiba ya kupigana. Dozi zinazopita kwa sababu shemeji hajatoka kwenda kuswali, nazo ni sehemu ya ugonjwa sasa. Pengine yeye mwenyewe anaweza kusema mbele ya watu "naomba dawa yangu ya ini" na ikaishia hapo, wagonjwa wangapi wanameza vidonge na hakuna anayeomba kusoma kopo. Lakini kopo la vitamini za watoto mwanangu, hilo linanitia hofu, mtoto akilifungua je, au mgonjwa akichukuliwa usiku na asiyejua je.

Ulipoitwa pembeni ukaulizwa pombe, ukajibu swali uliloulizwa, na lilikuwa jibu la kweli. Mlango ule haujafungwa. Daktari na wauguzi wana wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa, kumwambia daktari hakumvui mtu nguo mbele ya watu. Ningependa amwambie mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni yake, na unaweza kuomba chumba bila ndugu, ni ombi la kawaida sana, unamwambia tu muuguzi mlangoni kwamba tuna jambo la faragha. Hapa nitakuwa mkweli kwako, kwenye hili la daktari nafsi yangu imeegemea upande mmoja, kwamba wajue, na wajue kabla ya uamuzi wowote wa kisu, iwe hospitali mnayotibiwa sasa au hiyo binafsi anayoitaka shemeji. Ya ndugu ni habari nyingine.

Sasa operesheni. Nasikia kwenye barua yako kama kuna kupasuliwa upande mmoja na kukaa tu upande wa pili. Sivyo hasa. Kibofu kilichochanika kabisa au kilichong'oka, nyongo ikimwagika, kwa kawaida hutolewa, hapo hakuna mjadala mrefu. Kilichopata mchubuko na damu kuingia ndani kinaweza kuangaliwa kwa vipimo vya kurudia rudia, lakini ina hatari zake, damu iliyoganda inaweza kuziba njia ya nyongo akapata manjano na maumivu, ukuta uliopondeka unaweza kufa na kutoboka baadaye, vijidudu vinaweza kuingia. Kwahiyo kusubiri ni matibabu pale tu panapokuwa na anayeangalia, tarehe zikafuatwa na damu ikapimwa. Kusubiri nyumbani huku mtu kageukia ukutani na anameza dawa akiviziwa ni kitu kingine.

Kisu nacho kina mizani yake. Madaktari hulipanga ini lililosinyaa kwenye makundi matatu, A, B na C, kwa kuangalia manjano kwenye damu, protini ya albumini, damu inavyoganda, maji tumboni, na kama akili inachanganyikiwa. Takwimu za zamani ambazo wapasuaji wamezinukuu kwa miaka mingi ni kuwa kwa operesheni kubwa ya tumbo, kundi A hufariki kama 10 kati ya 100, kundi B kama 30, na kundi C zaidi ya 70. Huduma imeboreka toka zile takwimu zitoke, na operesheni ya dharura huwa na hatari kuliko iliyopangwa, kwahiyo usizichukue ukazibandika kwa mumeo. Nimekuandikia ili uone pengo lilivyo kati ya kundi na kundi, na uone kwa nini swali la kumuuliza daktari siyo "apasuliwe au asipasuliwe", swali ni yuko kundi gani leo, na je kuna kitu kinaweza kurekebishwa kwanza, maji kupunguzwa, damu kusaidiwa igande, ili kama ni kisu kimkute akiwa na nguvu.

Muulize pia njia za katikati, maana zipo. Wakati mwingine huingizwa mrija mwembamba kupitia ngozi ukaingia kwenye kibofu ukatoa kilichojaa, wakiongozwa na ultrasaundi, japo kwa mwenye maji tumboni na damu isiyoganda hata mrija una hatari ya kuvujisha damu. Mshipa unaovuja huweza kuzibwa kwa ndani kupitia kwenye mshipa mwingine bila kufungua tumbo, na Muhimbili wana madaktari wa fani hiyo. Na hata anayefungua anaweza kuchagua kutoa sehemu tu ya kibofu na kuuacha ule ukuta ulioshikamana na ini, ili asilikwangue ini likaanza kuvuja. Si kila moja inamfaa mumeo, ila ukizijua unakaa kwenye kiti cha daktari na maswali badala ya kukaa na hofu tupu.

Na hapa ile pesa ya kiwanja cha Pongwe naiona kwa jicho lingine. Wewe umemwona shemeji kama anayesukuma mgonjwa mezani. Mimi nimemwona mtu aliyeuza kiwanja kwa ajili ya mdogo wake. Anachokosa ni habari, moyo anao. Pesa ileile inaweza kulipia safari ya Dar na vipimo na maoni ya daktari wa ini pamoja na mpasuaji, badala ya kukimbilia kisu cha wiki hii. Ni njia ndefu, Segera, Chalinze mpaka Dar, kama kilomita 350, na mgonjwa wa namna hii hasafiri bila daktari wake kuruhusu na barua ya rufaa mkononi, lakini kwa ndugu anayetaka kuona kitu kinafanyika, hicho nacho ni kitu kinachofanyika.

Mama mkwe na mzee wa Muheza, nalisema kwa heshima yake yote maana mama anatafuta njia ya mwanawe asikatwe. Tumbo lenye kibofu kilichojeruhiwa na mishipa iliyovimba likichuliwa linaweza kupasuka au kuanza kuvuja damu upya. Unaweza kumjibu bila kumvunjia heshima na bila kutoa siri, mwambie mama daktari amekataza mkono wa mtu yeyote usikanyage tumbo hili mpaka jeraha la ndani lipone, na muombe akae naye amsomee dua. Mama anahitaji kupewa kazi, asibaki kuambiwa hapana tu. Dawa za miti shamba nazo, na zile diklofenaki, na ibuprofeni, na aspirini, ziwe mbali, zinaongeza kuvuja damu na zinaumiza figo za mwenye ini bovu. Paresetamoli daktari anaweza kuiruhusu kwa kipimo kidogo, kwa mwenye ini lililosinyaa mara nyingi hawavuki gramu 2 kwa siku, yani vidonge vinne vya miligramu 500 siku nzima, ila aulizwe yeye kwanza.

Sasa siri ya ndugu. Utasikia watu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, mimi sitakurushia methali hiyo, kwa sababu mumeo hafichi kwa ujinga. Aliona kopo moja lilivyozua maneno mtaani. Nakuuliza tu taratibu, una hakika anachoogopa ni aibu ya Ukimwi peke yake? Mtu aliyegeukia ukutani huenda anaogopa kuonekana anakufa, huenda anaogopa mama yake ahangaike, huenda anaogopa siku ataondolewa kwenye sinia la futari akawekewa sahani yake pembeni. Hilo la mwisho lina jibu. Homa ya ini B haipiti kwenye sinia wala kikombe wala kusalimiana, inapita kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 watu milioni 254 duniani wanaishi na aina hii iliyokuwa sugu. Anajiona yuko peke yake na hayuko. Umewahi kumuuliza ni kipi hasa, au mmekuwa mkibishana juu ya kusema na kutosema tu?

Umeliona jambo hili kama milango miwili, kukaa kimya au kumwaga yote. Katikati pana nafasi. Anaweza kukubali ndugu waambiwe "ini limedhoofika, ndiyo maana kisu kina hatari", pasitajwe homa ya ini wala virusi, na hayo yakasemwa na daktari badala yako, akikaa na shemeji kwa ruhusa ya mgonjwa. Shemeji atasikia kutoka kwa mtaalamu, na kiapo chako kinabaki mahali pake. Hatari yake ni kwamba shemeji atauliza ini limeharibiwa na nini, na mtu ambaye hajawahi kuonja pombe jibu lake halichelewi kutafutwa mtaani. Au anaweza kumchagua mtu mmoja tu, baba mdogo, mjomba, yeyote ambaye ndugu wakimsikia wananyamaza, amwambie yote na huyo ndiye asimamie kikao. Hatari yake unaijua, siri ya wawili ikifika kwa wa tatu. Au aseme mwenyewe kila kitu, akiwa bado ana nguvu za kuongea kwa sauti yake, asije akasemewa na wengine akiwa hajitambui. Au anyamaze kabisa, na hilo pia ni haki yake kama mgonjwa, fomu ya ridhaa anasaini yeye, wala shemeji hawezi kumpasua mtu mwenye akili timamu aliyekataa, hata awe na pesa kiasi gani. Hilo likumbuke pale unapoona kama kila kitu kiko mabegani mwako.

Kuna upande mmoja wa siri hii ambao sidhani mumeo ameufikiria, na pengine ndio utakaomfungua mdomo kuliko hoja yoyote ya kwako. Watu wazima wengi wa Afrika wenye homa ya ini B waliipata utotoni, kwa mama au kwa watoto wenzao. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwaka 2002, kwahiyo yeye na kaka zake walizaliwa kabla. Huyo kaka aliyeuza kiwanja anaweza kuwa nayo sasa hivi bila dalili yoyote, kama yeye alivyokuwa anabeba magunia, na akipima mapema anawahi kabla ini halijasinyaa. Mwambie hivi ukimkuta ametulia, bila kumtisha. Mwanaume anayekataa kusema kwa ajili yake mwenyewe mara nyingine anasema kwa ajili ya kaka yake.

Na wewe, kwenye barua yote hujaniambia kama umepima. Wanao watatu inawezekana walichomwa chanjo kliniki, zile za wiki 6, 10 na 14, lakini kadi ziangaliwe na wao pia wapimwe. Ukikutwa huna, unachanjwa, kwa mtu mzima ni sindano tatu ndani ya miezi sita. Ukikutwa nayo utaanza kufuatiliwa, ni afadhali ijulikane sasa.

Kuhusu kuachwa, sikuambii haitatokea, sijui ndoa yenu mimi, wewe ndiye unayeijua. Ila nimeona mtu anayeogopa kuvuliwa nguo mbele ya watu akikuchagua wewe peke yako umwone alivyo. Labda mazungumzo yenu ya kwanza yasiwe "tuwaambie ndugu" kabisa, yawe ni kliniki tu. Mwambie, "Baba fulani, mimi ndugu zako sijawaambia na sitawaambia bila wewe. Naomba tu siku ya kliniki tuingie wawili, tutoe zile karatasi, daktari ajue anatibu nini." Akikubali hilo, mengine mtayapata huko ndani, na yale maswali ya kundi gani na njia za katikati yaandike kwenye karatasi uingie nayo, maana mbele ya daktari mtu husahau. Akikataa, niandikie tena tuone unaweza kufanya nini kabla ya tarehe hiyo, na shemeji mwombe akuachie angalau mpaka siku ya kliniki ndipo azungumzie hospitali nyingine.